Kompyuta Inapowaka Bila Kuonyesha Picha: Uchunguzi wa Hitilafu na Lugha Yake katika Vibanda vya Kibera na Kawangware

Utangulizi

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, kompyuta ya mezani ni chombo cha riziki. Ukipita Kibera Drive kuelekea Olympic na Makina, au ukishuka katika kituo cha 46 pale Kawangware ukaifuata Naivasha Road, utakutana na vibanda vya kupiga chapa, kuchapisha na kutoa nakala. Humo huandikwa barua za kuomba kazi, wasifu wa vijana wanaotafuta ajira, ratiba za mazishi na harusi, mitihani ya shule ndogo za binafsi na, jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja, insha na tasnifu za wanafunzi wasiomiliki kompyuta. Aghalabu mashine zenyewe ni za mtumba. Zimetumika maofisini ughaibuni au katikati ya jiji kabla ya kufika mtaani.

Ipo hitilafu moja ambayo huzua taharuki kuliko nyingine zote. Mashine huwashwa, feni husikika ikivuma, taa ya mbele humetameta, lakini kioo cha monita husalia cheusi. Mwenye kazi hudhani kwamba kazi yake imepotea. Mwenye kibanda hudhani kwamba mashine imekufa. Dhana zote mbili mara nyingi si sahihi, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza humfanya mwanafunzi aanze upya sura aliyokwisha kuiandika. Ya pili humfanya mwenye kibanda anunue kifaa asichokihitaji.

Makala haya yanadhamiria mambo mawili. Kwanza, kueleza kwa utaratibu namna ya kuichunguza hitilafu hiyo, kuanzia lililo jepesi hadi lililo zito. Pili, kuonyesha kwamba maneno tunayoyatumia kuieleza hitilafu ni sehemu ya uchunguzi wenyewe, na kwamba neno lisilo bayana linaweza kumletea mtu hasara sawa na kifaa kibovu.

"Haiwaki" maana yake nini?

Mteja akimjia fundi husema, "Kompyuta yangu haiwaki." Kitenzi kuwaka kina maana kadhaa. Moto huwaka, taa huwaka, injini huwaka, na hata mtu mwenye hasira huwaka. Kwa hivyo kauli hiyo moja inaweza kuwa na maana tatu zilizo mbali sana. Huenda mashine haipati umeme kabisa: hakuna taa, hakuna feni. Huenda inapata umeme lakini haikamilishi hatua za kujianzisha. Au huenda imejianzisha barabara, ila picha haifiki machoni pa mtumiaji.

Fundi mzoefu haanzi kwa bisibisi. Huanza kwa maswali. Je, feni inazunguka? Je, taa ya monita ina rangi gani? Je, ulisikia mlio wowote? Je, picha haikutokea tangu mwanzo, au ilitokea kisha ikapotea? Maswali haya huigawa "haiwaki" katika maana zake. Mtu anayeweza kusema "inawaka lakini haionyeshi" tayari amefanya nusu ya uchunguzi kabla ya kasha kufunguliwa.

Vivyo hivyo kwa vitenzi kulala, kuzima na kufa. Monita ambayo taa yake ndogo ni ya rangi ya chungwa, au inapepesa, kwa kawaida imelala: ina umeme, inasubiri ishara kutoka kwa kompyuta. Monita isiyo na taa yoyote imezima. Iliyokufa ni ile inayopata umeme na ishara sahihi na bado haifanyi lolote. Ni wachache mno wanaohukumiwa kifo ambao wamefikia hali hiyo ya tatu.

Safari ya picha

Ili kujua picha imekwama wapi, sharti kwanza kujua njia inayoipita. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Umeme huo huingia katika sanduku la chuma lililo nyuma ya kasha, ambalo mafundi huliita paso saplai. Sanduku hilo huugeuza na kuupunguza hadi volti 12, volti 5 na volti 3.3, kisha huugawa kwa viungo vingine. Sehemu kubwa ya umeme huo hupokewa na bodi kuu, yaani madabodi kwa lugha ya mafundi.

Bodi kuu inapopata umeme, programu fupi iliyohifadhiwa ndani yake huanza kujikagua. Hukagua kama prosesa ipo na inafanya kazi, kama ramu ipo na inasomeka, na kama kipo kifaa cha kutengeneza picha, kiwe kadi ya pekee au sehemu ya bodi yenyewe. Ukaguzi huo ukifaulu, picha ya kwanza hutengenezwa, hupita katika waya na kufika kwenye monita. Mfumo endeshi kama Windows au Linux husomwa kutoka katika diski baada ya hapo.

Mfuatano huu una maana kubwa. Kioo kikibaki cheusi tangu mwanzo, mara nyingi diski huwa haijafikiwa bado. Kazi za mwanafunzi zimo katika diski. Kwa hiyo, giza la kioo halisemi lolote kuhusu usalama wa tasnifu.

Uchunguzi wa nje

Hatua za mwanzo hazihitaji kufungua chochote wala kumlipa mtu.

Kwanza, angalia umeme wa monita. Monita ina waya wake na swichi yake. Plagi ya miguu mitatu itumikayo Kenya ina fyuzi ndani, na fyuzi ikikatika monita huzima ilhali kompyuta inaendelea kuvuma. Badilisha waya huo na wa kompyuta nyingine, kisha utazame. Eksitensheni iliyolegea nayo ni mtuhumiwa wa kawaida katika vibanda ambamo vifaa vingi hutegemea soketi moja.

Pili, angalia waya wa picha. Waya ulioenea zaidi katika mashine za zamani ni ule wenye plagi ya buluu na nafasi za pini 15, wa mfumo wa VGA ulioletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987. Uchomoe, utazame kama pini imepinda, uurudishe na kukaza skrubu zake mbili. Nyaya nyingi za aina hii zimetengenezwa bila pini ya tisa, kwa hivyo pengo hilo moja lisikutie hofu.

Tatu, hakikisha waya umechomekwa mahali panapofaa. Kompyuta yenye kadi ya picha ya pekee huwa na matundu mawili ya picha nyuma yake: moja la bodi kuu na moja la kadi. Katika mashine nyingi, kadi ikiwapo, tundu la bodi hunyamaza. Halikadhalika, monita yenye matundu zaidi ya moja huenda imewekwa isome HDMI ilhali waya uko katika VGA. Kitufe cha kuchagua chanzo hulitatua jambo hilo papo hapo.

Nne, ijaribu monita peke yake. Iwashe bila kuiunganisha na kompyuta. Monita nyingi huandika kwa Kiingereza kwamba hazipati ishara. Maandishi hayo ni habari njema kwa monita: kioo chake na taa zake za ndani ni vizima. Njia nyingine ya hakika ni kuiunganisha na kompyuta ya jirani, nayo kompyuta inayotuhumiwa ikaunganishwa na monita ya jirani. Ubadilishanaji huu hutenganisha kosa la monita na kosa la kompyuta kwa dakika tano.

Tano, mulika kioo. Chukua tochi ya simu uimulike monita bapa kutoka upande. Ikiwa unaona kivuli hafifu cha maandishi, picha ipo. Kilichozima ni taa ya ndani inayokiangaza kioo. Hapo kosa ni la monita, na kompyuta haina hatia.

Sita, bonyeza kitufe cha Num Lock kwenye kibodi yenye taa ya kitufe hicho. Taa ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, kompyuta ina uhai na inakusikiliza. Tatizo limo katika njia ya picha. Taa isipobadilika, yaelekea mashine imekwama katika ukaguzi wa mwanzo.

Ikiwa nembo ya kampuni ilionekana mwanzoni na giza likaingia pale Windows ilipotaka kutokea, basi viungo ni vizima na kosa ni la mipangilio au programu ya kadi ya picha. Pengine picha imeagizwa kwa ukubwa ambao monita haiumudu. Mashine kama hiyo huwashwa katika hali salama, ambayo hutumia mipangilio ya msingi tu, kisha ikarekebishwa.

Uchunguzi wa ndani

Kabla ya kufungua kasha, zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda wa sekunde 30 ili umeme uliosalia utoke. Wakati mwingine hatua hii pekee huirejesha picha. Gusa sehemu ya chuma ya kasha kabla ya kugusa viungo, kwa kuwa umeme tuli wa mwilini unaweza kuviharibu. Kamwe usilifungue sanduku la paso saplai wala monita ya zamani yenye mgongo mkubwa. Vyote huweka umeme hata baada ya kuchomolewa, na monita ya rangi ya aina hiyo hutumia zaidi ya volti 20,000 katika bomba lake.

Mtuhumiwa wa kwanza ni ramu. Vijiti hivi husimama katika mifereji membamba, na uso wake wa shaba au dhahabu hugusana na pini ndogo sana. Vumbi la barabara zisizo na lami, moshi wa jikoni na joto la mabati huweka utando katika nyuso hizo. Mguso ukikatika mahali pamoja, ukaguzi wa mwanzo hushindwa na kioo hubaki cheusi. Tiba yake ni nyepesi: chomoa kijiti, sugua nyuso zake taratibu kwa kifutio cha penseli, pangusa mabaki, peperusha vumbi katika mfereji kwa brashi laini, kisha kirudishe hadi vishikizo vya pembeni vijifunge. Vijiti vikiwa viwili, jaribu kimoja kimoja, na katika mifereji tofauti.

Mtuhumiwa wa pili ni kadi ya picha, ambayo hulegea hasa mashine inapobebwa kwa mkokoteni au pikipiki. Ichomoe, isafishe kwa njia hiyo hiyo, uirudishe. Ikiwa bodi kuu ina tundu lake la picha, iondoe kadi kabisa na ujaribu tundu hilo.

Tatu, angalia nyaya za umeme ndani ya kasha. Mbali na plagi kubwa ya bodi kuu, ipo plagi ndogo, ya pini nne au nane, inayoilisha prosesa. Ikisahauliwa baada ya matengenezo, feni zitazunguka na taa zitawaka, lakini prosesa haitafanya kazi na picha haitatokea.

Nne, ipo betri bapa ya volti 3, yenye umbo la sarafu. Hiyo hutunza saa na mipangilio ya msingi. Kuitoa kwa dakika chache, mashine ikiwa imechomolewa umeme, hurejesha mipangilio ya kiwandani, na huondoa makosa yaliyowekwa na mtumiaji aliyetangulia.

Milio na taa kama lugha

Kompyuta isiyoweza kuandika hulalamika kwa sauti. Katika mashine nyingi, mlio mmoja mfupi humaanisha kwamba ukaguzi umefaulu. Katika bodi nyingi zenye programu ya kuanzishia ya Award, mlio mrefu mmoja ukifuatwa na mifupi miwili huelekeza kwenye picha, nao mlio unaorudiwa bila kukoma huelekeza kwenye ramu. Katika HP Compaq za ofisini za miaka ya 2000, taa ya umeme hupepesa nyekundu mara tano kwa kosa la ramu na mara sita kwa kosa la picha. Milio na taa hutofautiana kwa kampuni, kwa hivyo mtu asifasiri ishara ya mashine moja kwa kamusi ya nyingine.

Lipo pia jaribio la ukimya. Toa vijiti vyote vya ramu, kisha washa. Bodi yenye spika ndogo ya ndani inapaswa kulalamika. Ikilalamika, prosesa na bodi zina uhai, na shaka irudi kwa ramu au kadi. Ikinyamaza kabisa, shaka ielekee kwa paso saplai, bodi au prosesa. Hapo ndipo msomaji wa kawaida anapaswa kusita na kumwachia fundi.

Umeme wa mtaa na kompyuta za mtumba

Si kila kosa huzaliwa ndani ya kompyuta. Nyaya nyembamba na ndefu zinazogawiwa vibanda vingi hupoteza volti njiani. Jirani akiwasha koili au mashine ya kuchomelea, umeme hushuka. Akizima, hupanda ghafla. Paso saplai iliyochoka huweza kuzungusha feni bila kuimudu prosesa.

Mashine iliyotoka Marekani huhitaji uangalifu wa ziada. Nyuma ya paso saplai za zamani ipo swichi ndogo, aghalabu nyekundu, yenye alama za 115 na 230. Ikiachwa katika 115 kisha ikachomekwa katika umeme wetu wa 240, paso saplai huungua mara moja.

Umri nao una neno. Kati ya takriban mwaka 1999 na 2007, viwanda vingi vilitumia kapasita duni ambazo zilivimba na kuvuja. Dell OptiPlex GX270 na GX280 ni miongoni mwa mashine zilizoathirika zaidi, na mwaka 2005 kampuni hiyo ilitenga dola milioni 300 kugharamia marekebisho. Zile za miaka hiyo zimekwisha kuchakaa, lakini somo lingali na faida. Kabla ya kununua bodi ya mtumba, tazama mikebe midogo iliyosimama karibu na prosesa. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kilichovimba au kinachotoa uchafu wa kahawia ni ishara ya bodi iliyo njiani kufa.

Neno "kumbukumbu" na hatima ya tasnifu

Katika istilahi za Kiswahili, ramu imeitwa kumbukumbu. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku, kumbukumbu ni mambo yaliyohifadhiwa: kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu za ofisi. Basi fundi akimwambia mwanafunzi kwamba "kumbukumbu imeharibika", mwanafunzi huelewa kwamba tasnifu imepotea. Ukweli ni kinyume. Ramu hushika kazi kwa muda tu, wakati mashine ina umeme. Ikiharibika, hununuliwa nyingine. Kilichopotea ni yale tu ambayo hayakuwa yamehifadhiwa mashine ilipozima. Tasnifu iliyohifadhiwa imo katika diski, na diski huweza kutolewa na kusomwa katika kompyuta nyingine.

Kutokana na tofauti hii, mwenye kazi ana haki ya kuweka masharti mawili kabla ya kuiacha mashine kwa fundi. La kwanza, diski isifutwe wala mfumo endeshi usiwekwe upya. Kosa la kioo cheusi tangu mwanzo halitibiwi kwa kufuta diski. La pili, kifaa chochote kinachosemekana kimeharibika kionyeshwe kwa kukibadilisha na kizima mbele ya mwenyewe. Fundi mwaminifu hatakataa, kwa kuwa hata yeye hana njia nyingine ya kuthibitisha.

Ni vyema, basi, wanaistilahi wetu watenganishe dhana hizi: ramu, au kumbukumbu ya muda, kwa upande mmoja, na diski, au hifadhi, kwa upande mwingine. Juhudi za awali zilikuwapo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na mwaka huo huo Microsoft ilitangaza azma ya kuzitafsiri programu zake. Juhudi hizo ziliwalenga zaidi watumiaji wa programu. Lugha ya matengenezo iliachiwa mafundi. Nao hawakungoja. Waliunda madabodi, paso saplai na ramu, maneno yanayofuata sauti za Kiswahili na kueleweka kuanzia Toi hadi Gatina. Ndiyo sababu makala haya yametumia kompyuta badala ya tarakilishi au ngamizi: neno linalomwezesha mteja na fundi kuelewana ndilo linalofaa mbele ya mashine iliyofunguliwa. Hilo halipunguzi hadhi ya tarakilishi, ambalo limezoeleka katika vitabu vya shule nchini Kenya.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kioo cheusi ni dalili, wala si ugonjwa. Uchunguzi huanza nje kwa waya, chanzo cha picha na monita. Huingia ndani kwa ramu, kadi na plagi za umeme. Na humalizikia kwa bodi na prosesa. Anayeufuata utaratibu huo hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ili ajue ni lipi lililoleta tofauti. Na pale mashine inapokuwa imekufa kweli, isichomwe wala kutupwa mtaroni, kwa kuwa monita za zamani zina madini ya risasi. Shirika la Computer for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya kukarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni, ni mfano wa namna kilichochoka kwa mmoja kinavyoweza kumfaa mwingine.

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Mwanafunzi anayeandika katika kibanda cha mtaani na aondoke kila jioni na nakala mbili za kazi yake, moja katika flashi na nyingine katika baruapepe. Nasi tunaoisoma lugha hii vyuoni tuna deni kwa vibanda hivyo: kukusanya maneno ya mafundi, kuyapima, na kuyaingiza kamusini palipo na haja. Siku mwanafunzi atakapoambiwa ramu yake imeharibika, akajua kwamba sura zake tatu alizozihifadhi zingalipo, istilahi itakuwa imefanya kazi yake.